Rangi Nisiyoruhusiwa Kuitaja

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, una bahati. Hukuniona nikisema uongo. Waliolisoma wamenitumia salamu zisizochapika. Wana haki.

Nirudie kwa kifupi, nijiaibishe upya.

Nimeolewa Eshowe, kwa akina Khanyile. Mume wangu, Sibonakaliso, yuko bandarini Richards Bay, huja mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote nyumba ina watu wanne: mimi, mama mkwe wangu MaNtuli, baba mkwe ambaye macho yake yanafifia, na wifi yangu Nomagugu, aliyerudi kwao baada ya ndoa yake kumshinda.

Baba mkwe alikuwa na sahani yake. Nyeupe, nzito, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Hakuna mwingine aliyekula humo. Jumapili ile Nomagugu aliiosha, akaiegemeza mezani ikauke, akatoka kuanika nguo. Mimi nikapita na sufuria. Kiwiko kikaigusa. Ikaenda chini.

Nilipiga ukelele mmoja tu, kisha nikaziba mdomo kwa mkono.

MaNtuli alikuja mbio kutoka bustanini. "Kimevunjika nini?"

Nami nikasema, "Nimeikuta chini, mama. Nadhani iliachwa ukingoni."

Ukingoni. Nani aliyeiacha? Sikumtaja, lakini sikuwa na haja ya kumtaja. Nomagugu alipoingia na kapu la vibanio, mama yake alikwisha kuhukumu.

"Ulivunja ndoa yako," alimwambia, "sasa unavunja na vyombo vya baba yako."

Wifi yangu akapiga magoti akaomba radhi kwa kosa langu. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikia yaliyofuata, maana nilidhani nimefika chini kabisa, kumbe bado nilikuwa na pa kushuka.

Kuanzia siku ile MaNtuli alimkataza binti yake kumhudumia baba. Chakula cha mzee nikapewa mimi. Dawa yake ya macho, ile ya matone ambayo Nomagugu alikuwa akimtia asubuhi na jioni, nikapewa mimi. Nomagugu hakubisha. Alimpigia simu binti mmoja wa shangazi yake aliyeko Durban, akaambiwa kuna kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Akasema Jumamosi anaondoka.

Ijumaa asubuhi MaNtuli akaniita.

"MaCele, vaa viatu. Tunakwenda mjini kununua sahani."

"Za wageni, mama?"

"Za wageni ziko kabatini, na sijamwona bado mgeni wa kuzistahili. Nataka za kila siku. Nimechoka kula kwenye bati linalobanduka, tutakufa na kutu tumboni. Nataka sahani imara, zote namna moja, za rangi kama ya ile ya mzee. Na wewe ndiye utakayechagua."

"Kwa nini mimi, mama?"

"Kwa sababu tangu uingie nyumba hii hujavunja hata kijiko."

Niliviangalia viatu vyangu. Ningeweza kusema palepale. Mlango ulikuwa wazi, Nomagugu alikuwa anachota maji nje, na hakuna aliyenishika ulimi. Nilivaa viatu.

Kabla hatujafika dukani lazima ujue jambo moja, la sivyo hutaelewa tulivyohangaika.

Kwetu mke wa mwana, ambaye huitwa makoti, hataji jina la baba mkwe. Si jina tu. Hata neno lolote la kawaida linalofanana na jina hilo analikwepa, analitafutia neno jingine. Siku hizi wengi wameacha. MaNtuli hajaacha.

Sasa baba mkwe wangu, Mungu ampe maisha marefu, alipewa na wazazi wake jina ambalo kwa Kizulu maana yake ni nyeupe.

Umeona shida yangu? Maziwa yana rangi, chumvi ina rangi, kuku wangu wote wana rangi, na mimi siwezi kuitaja. Hapa gazetini nalisema kwa lugha yenu, na bado nageuka nyuma kuhakikisha mama mkwe hayupo.

Niliwahi kujaribu Kiingereza, mwezi wa kwanza wa ndoa. MaNtuli akaniwahi. "Kule kwenye kiwanda cha sukari alikofanya kazi mzee, msimamizi alikuwa akimwita Waiti miaka yote, alilitafsiri jina la watu bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo na hilo ni jina lake. Jina ni jina, makoti, hata likivaa suti."

Na yeye mwenyewe hajalitaja tangu aolewe. Humwita baba Nomagugu.

Basi hao ndio wanawake wawili walioingia dukani kutafuta sahani nyeupe.

Duka lenyewe liko karibu na stendi. Rafu zilijaa sahani za maua, za samawati, za kijani, nyingine zina ukingo wa dhahabu wa kudanganyia mabwana harusi. Muuzaji alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na mdomo mwepesi, jina lake Lindeni.

Nilipomwona tu nikavuta kilemba karibu na macho. Sababu utaisikia.

"Karibuni, mama zangu. Mnatafuta nini leo?"

"Sahani," MaNtuli akasema. "Za kila siku. Zisizo na maua wala urembo."

"Zisizo na maua ziko stoo, kwenye maboksi. Rangi gani niwatolee?"



MaNtuli akanitazama. Nami nikamtazama.

"Ya maziwa," MaNtuli akasema.

Lindeni akaingia stoo akarudi na sahani ya rangi ya siagi.

"Hii siyo," MaNtuli akasema.

"Ndiyo hii, mama. Ya maziwa ndiyo hii."

"Maziwa gani haya? Haya yamelala."

"Ya mawingu," nikajaribu mimi kwa sauti ndogo.

Akaleta ya kijivu.

"Hayo ni mawingu ya mvua," MaNtuli akasema. "Sisi tunataka ya kiangazi. Au tuseme ya meno."

"Meno ya nani, mama? Babu yangu anavuta kiko."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua mabakuli akaanza kucheka. Utasema si mngeonyesha kwa kidole? Kidole kielekee wapi? Kuta za duka lile ni za kijani, sakafu nyekundu, na Lindeni mwenyewe alivaa njano juu mpaka chini.

"Ya unga wa mahindi," MaNtuli akasema, na sasa alikuwa anakasirika.

"Mahindi ya njano au mahindi ya..." Lindeni akanyamaza. Akaniangalia kilemba changu kilichofungwa chini, akaiangalia shali yangu mabegani, akapiga makofi. "Aaa! Kumbe ni mambo ya ukweni! Mngesema! Kwa hiyo baba mkwe anaitwa..."

Akalitaja jina la mzee dukani, kwa sauti ya mnadani. Kisha akalirudia, ili ahakikishe.

MaNtuli akafumba macho kama aliyemwagiwa maji ya baridi. "Zilete tu, mwanangu," akasema. "Zilete, na Mungu akusamehe."

Akaleta za aina tatu, zote nyeupe, akazipanga kwenye kaunta.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki ngumu. MaNtuli hakuishika. "Hii ukiitia mchuzi wa bizari Jumapili, Krismasi utaukuta bado umo."

Ya pili ilikuwa ya kioo, nyembamba, nyepesi, inang'aa. Lindeni akaisifu. "Hii haivunjiki ovyo, mama. Unaiangusha leo, unaiangusha kesho, inakutazama tu."

"Na siku ikichoka kuangushwa?"

"Siku hiyo, mama, sikufichi. Inamwagika kama sukari. Vipande utaviokota mpaka mwakani."

"Nina mzee asiyeona vizuri na anayetembea peku. Iondoe."

Kisha akanigeukia. "Makoti, shika hii ya tatu. Piga magoti."

"Hapa, mama?"

"Kwani nyumbani unaandalia ukiwa juu ya mti? Piga magoti."

Nikapiga magoti mbele ya kaunta, sahani mikononi, kama vile namwandalia mzee. Yule wa mabakuli akaacha kabisa kuchagua mabakuli.

"Kidole gumba kiko wapi?"

Niliangalia. Sahani ile ilikuwa imeinuka kama bakuli, haina ukingo wa kushikia. "Kiko ndani, mama. Kwenye mchuzi."

"Umesikia, msichana? Unataka mzee wetu ale kidole? Tafuta yenye ukingo."

Lindeni akarudi stoo akinung'unika, akatoka na ya nne. Nilijua nilipoipokea. Kauri nene, nzito kabisa. Ukingo mpana, umeviringishwa kidogo mwishoni, vidole gumba vikatulia bila kugusa chakula. Nikaigeuza. Chini imelainishwa, haiwezi kukwaruza meza. Nikaigonga kwa ukucha, ikalia sauti moja safi.

"Hizi ndizo za mahotelini," Lindeni akasema. "Zinatupwa kwenye masinki kutwa, hazisemi kitu."

"Makoti?" MaNtuli akauliza.

"Ni hii, mama."

Nilisema kweli. Katika wiki mbili zile lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwangu, na lilihusu sahani.

"Basi iangushe," MaNtuli akasema.

"Mama?"

"Iangushe. Nataka kuona. Ikivunjika nalipa."

Lindeni akaruka. "Jamani, bosi wangu!"

"Bosi wako nitaongea naye. Makoti, angusha."

Nikasimama. Nikanyoosha mikono mbele. Nilitaka kuiachia, naapa, lakini vidole vilikataa. Masikioni nilisikia ile nyingine ikifika sakafuni, na vigae vikikimbilia chini ya jiko.

"Siwezi, mama."

MaNtuli akacheka kwa furaha, akawageukia watu wa dukani. "Mnaona? Mnaona mikono hii? Haijui kuangusha kitu. Ningekuwa na binti mwenye mikono hii, nyumba yangu ingekuwa nzima."

Nilitamani sakafu ile nyekundu inimeze.

Akaninyang'anya sahani akaiangusha mwenyewe. Ilipiga kishindo, ikazunguka kwa ukingo, ikalala. Nzima. Watu wakapiga makofi, na Lindeni akapumua.

Ningependa kukuambia tulilipa tukaondoka. Lakini Lindeni alikuwa ananiangalia tena, kichwa upande.

"Dada," akasema, "si wewe uliyekuja juzi na kipande cha sahani ndani ya leso?"

Hiyo ndiyo sababu ya kilemba. Jumanne, nilipotumwa chumvi, nilipita pale kwa siri na kigae kimoja cha sahani ya mzee. Nilitaka kupata inayofanana nayo, niirudishe mezani kimyakimya, kila kitu kiwe kama zamani. Siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa na kigae cha kuonyesha, sikuhitaji kutaja rangi. Sikupata.

"Umenifananisha," nikasema.

"Nikufananishe na nani mwenye kovu hilo kidevuni? Uliniuliza kama kuna sahani nzito za zamani. Nikakwambia hizo hazitengenezwi tena. Ukatoka na machozi."

Yule wa mabakuli alisogea karibu.

MaNtuli aliniangalia. Nami nilijua nimekwisha. Atauliza kwa nini nilifanya siri. Atauliza kwa nini nililia. Atajua. Na unajua nilihisi nini? Nafuu. Nilisema moyoni, ajue tu, Nomagugu abaki.

Macho ya mama mkwe yakajaa machozi.

"Ulikuja kumtafutia wifi yako sahani," akasema taratibu. "Ili umwokoe na mdomo wangu."

Nikafungua kinywa. Nikakifunga.

"Na hukuniambia, kwa sababu uliogopa nitasema unaingilia. MaCele, mwanangu, mimi ni mama gani? Wewe mgeni unamhurumia binti yangu kuliko mimi niliyemzaa."

Akanikumbatia palepale, na yule wa mabakuli akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hata Lindeni alitupunguzia bei.

Kukaa kimya ni kazi ninayoiweza sana. Nilikaa kimya mpaka nyumbani, boksi la sahani mapajani.

Tulipofika, MaNtuli hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Nomagugu akamsimulia yote, kwa sauti iliyofika mpaka zizini. Mimi nilijificha jikoni, nikazisugua sahani mpya ambazo hazikuwa chafu.

Nomagugu akaja akanikuta pale. Macho mekundu.

"Wifi."

"Usiseme kitu, wifi," nikamwambia.

"Niseme. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi. Kwa mume wangu, kitu kikipotea ni Nomagugu, mbwa akifa ni Nomagugu. Nikarudi nyumbani nikakuta ni yaleyale. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja anazunguka madukani kwa ajili yangu."

Akavua bangili yake ya shanga, aliyoshona mwenyewe, akanifunga mkononi. Nilijaribu kuivua. Akanizuia.

"Sikiliza. Ukimtia baba dawa, mwimbie kidogo. Anaiogopa lakini hasemi. Na chai yake usiijaze sana, hujimwagia akaona aibu. Nakuachia baba. Mikononi mwako yuko salama."

"Wifi, usiende."

"Nikae nivunje nini tena?"

Nikasema, "Ile sahani..."

"Usinitajie sahani!" Akacheka huku analia. "Leo ndiyo siku ya kwanza nimeisamehe mikono yangu. Na ni kwa sababu yako. Niache niondoke nikiwa nimesamehe."

Sasa niambie wewe unayesoma, ningemwambia vipi baada ya hapo? Najua utakachosema. Kwamba hapo ndipo hasa nilipaswa kumwambia. Hata mimi najua. Nilijua nikiwa pale pale, bangili yake ikiwa bado na joto la mkono wake.

MaNtuli akapiga kelele kutoka sebuleni. "MaCele! Mzee ana njaa!"

Na papo hapo honi ikalia barabarani. Nomagugu akachungulia dirishani. "Jamani, ni yule jirani anayekwenda Durban. Nilimwomba lifti ya kesho. Kumbe anaondoka leo!"

Akakimbilia begi lake. Jumamosi ilikuwa imefika Ijumaa alasiri.

Nilipakua ugali uliokauka vizuri, maharage, na kipande cha kuku, kwenye sahani mpya. Nikaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, nyuma ya ukuta wa jiko, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Nikapiga magoti. Vidole gumba vilikaa vizuri ukingoni.

Akaipokea. Hakuanza kula. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akaizunguka yote.

"Hii siyo yangu."

"Ni mpya, baba."

"Nzito. Nzuri. Nani kaichagua?"

"Mimi, baba."

"Ni ya rangi gani?"

"Ni... kama ile ya zamani, baba."

"Na ile ya zamani ilikuwa ya rangi gani? Mimi sioni, makoti. Nisaidie."

"Rangi ya maziwa, baba. Ya leo asubuhi."

Akacheka mpaka akakohoa. MaNtuli alikuwa nje anabishana na mwenye gari amngoje binti yake. Tulikuwa wawili tu. Mzee akaacha kucheka, akashusha sauti.

"Unajua, Jumapili ile sikuwa nimelala. Watu wa nyumba hii wanadhani macho yakifa na masikio yanafuata. Nilikuwa hapahapa. Nikasikia mtu ananiita."

Nikainamisha kichwa.

"Kwa jina langu. Bila baba, bila mzee. Jina tupu. Aliyekuwa akiniita hivyo ni marehemu mama yangu peke yake, nikafikiri amekuja kunichukua. Nikaitika. Hakuja mtu. Kisha nikasikia vigae vinafagiliwa."

Ndipo nikakumbuka ukelele wangu. Nilikuwa nimeuzika wiki mbili, nikajiambia kishindo kiliumeza. Sahani ilipoteleza, kabla haijafika chini, mimi nilipiga ukelele kwa Kizulu: "Ile nyeupe!"

"Mama Nomagugu hajalitaja jina langu tangu nimwoe," mzee akaendelea. "Na binti yangu alikuwa kwenye kamba ya nguo, anaimba. Nilimsikia."

Machozi yalinidondoka kwenye shali. "Baba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, wangekurudisha kwenu siku ileile, kwa sahani na kwa jina. Nikasema acha, mtoto huyu atakuja mwenyewe. Nikangoja. Kila ukinitia dawa nasema leo atasema. Nimengoja mpaka mwanangu amefunga begi. Na mimi nina kosa langu, makoti. Lakini langu nitalisema nikishasikia lako."

Mlango ukafunguliwa. Nomagugu akaingia na begi begani, MaNtuli nyuma yake na beseni la kunawia.

"Baba," wifi yangu akasema, "nimekuja kuaga. Gari linaningoja."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Na lingoje," mzee akasema. Akanirudishia sahani mikononi, chakula kikiwa hakijaguswa. "Weka begi chini kidogo, mwanangu. Makoti ana neno."

MaNtuli akatabasamu, akidhani ni maneno ya kuagana. Nomagugu akaniangalia kwa upendo, ule upendo nilioununua dukani.

Mzee akainama mpaka nikahisi pumzi yake usoni.

"Uliniita," akasema. "Nimeitika. Haya, sema."

Nikafungua mdomo.